Wavu wa Blasius

Mtu akiingia nyumbani kwa Gaudiosa mara ya kwanza, lazima ashangae kitanda. Ni kitanda cha mninga, futi nne kwa sita, kimesimamishwa wima ukutani sebuleni. Hakina chaga. Mahali pa godoro pana nyuzi zilizokazwa kutoka juu hadi chini. Katekista alipokuja kubariki nyumba alikitazama kitanda kile, akamtazama mwenye nyumba, kisha akakinyunyizia maji ya baraka mengi kuliko alivyonyunyizia milango. Hakuuliza kitu. Mimi niliuliza, maana mimi ni jirani na tena ni fundi wa cherehani, na mtu akivunja kitanda cha ndoa nina haki ya kujua sababu.

"Sasa unalala wapi, wewe?"

"Godoro nimelitandika chini, dada Tadea. Kitanda cha watu wawili nikilalie peke yangu cha nini? Bora kifanye kazi ya kufumia."

Hapo nilinyamaza, na wanaonijua hapa Kitura watakwambia kwamba mimi kunyamaza si jambo la kawaida.

Gaudiosa ana ugonjwa wa kujaribu. Sijui jina lingine. Wanawake wenzake wakivuna kahawa, maganda mabivu wanayamwaga kwenye migomba. Yeye anayachemsha kwenye debe pamoja na misumari yenye kutu ili apate rangi, na nyumba nzima inanuka pombe iliyolala. Kuanzia mavuno hadi karibu na Majilio mikono yake huwa ya kahawia mpaka viwikoni. Viroba vya mbolea alivifumua uzi mmoja mmoja akasuka mkeka, na mkeka ule ukiukanyaga unapiga kelele utadhani umekanyaga bata. Miavuli mibovu aliigeuza aproni. Mwaka fulani alikusanya kaseti za zamani, akatoa utepe wake mweusi, akafuma pochi inayong'aa hata ukaipenda. Baadaye ikajulikana kwamba kaseti zenyewe zilikuwa nyimbo za kwaya ya kigango, na mwenyekiti wa kwaya hakumsalimia hadi Pasaka.

Tulikuwa tukibishana sana. Kwangu mimi nguo inaanzia dukani, kwenye jora, ikaja kwenye chaki na mkasi. Nilimwambia, "Gaudiosa, Mungu alishaumba pamba." Akacheka, akaendelea kufumua sweta la mtumba lililoliwa na nondo.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumcheka, naye ni mumewe Blasius. Blasius alikuwa Mnyasa wa Chiwanda, kule chini kabisa ziwani, ukielekea Msumbiji. Alipanda huku na magunia ya usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwao, kuuza sokoni Mbinga, akamwona Gaudiosa akinunua si usipa bali magunia matupu, akataka kujua ni ya nini. Hakurudi tena kwao ila kwa kutembea. Alijifunza kahawa, alijifunza kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya shambani mlimani, ingawa kulima naye ilikuwa hatari. Alikuwa mashoto. Jembe lake lilikuja kutoka upande ambao hukulitegemea, na watu wa kusaidiana kazi walimwachia mstari wake mwenyewe huko pembeni. Jioni alikaa kwenye kigoda akimshikia mkewe nyuzi, na akitoka kwao alimletea vipande vya kamba, maboya yaliyopasuka, na matambara ya maturubai. Wengine wanaletewa khanga.

Jambo moja lilimkaa Gaudiosa kooni miaka yote hiyo. Baba mkwe wake, Mzee Wendelin, hakumkubali. Alikuja kwenye arusi, akala, akabariki, lakini kabla ya kuondoka alimwambia binti yake Lidia, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Hawa watu wa milimani wamenichukulia mkono wangu." Maana Blasius ndiye aliyekuwa akivua naye. Tangu siku hiyo, Gaudiosa kila akishuka Chiwanda alipeleka mahindi, maharage, kahawa ya kukaangwa, na mzee alipokea. Lakini kumwita hakumwita. Katika nyumba ile baba mkwe na mkamwana hawasemeshani wao kwa wao. Neno hupita kwa Lidia, kwenda na kurudi. Hata hivyo mzee angeweza kusema, "Lidia, mwambie mwanangu." Alisema, "Lidia, mwambie huyo wa mlimani."

"Sitaki zawadi yake," Gaudiosa aliniambia mara nyingi. "Nataka siku moja aniite mwanangu, basi."

Kisha Blasius akaugua. Ilikuwa ini. Alikwenda haraka, mtu aliyekuwa akichimba shimo la migomba Jumatatu ya juzi tu, tukamshusha kwao kumzika. Sitayaandika ya msiba. Ninachotaka kusema ni siku ya kumaliza tanga. Vitu vya marehemu viligawanywa, koti kwa huyu, redio kwa yule, na mwishoni Lidia akaingia ndani ya nyumba ya mzee, akatoka na wavu wa zamani uliokunjwa, akamwekea Gaudiosa mapajani.

"Baba anasema huu ni wako na mtoto."

Hakuongeza neno. Mzee alikuwa uani kwenye kiti chake cha uvivu, uso ameuelekeza ziwani, ingawa ziwa lenyewe alikuwa halioni vizuri tena kwa sababu ya mtoto wa jicho. Kitambaa cha kiti kile kilikuwa kimechanika na kuzibwa kwa kiroba, na kiroba nacho kimechanika. Mzee alikuwa amekaa nusu kwenye kiti, nusu kwenye kamba. Gaudiosa alikitazama kiti. Angetazama mikono ya mzee siku ile, vile ilivyokuwa ikifunguka na kufumba bila kitu ndani yake, labda ningekuwa naandika habari nyingine.

Tulirudi Kitura. Hapo lazima nimtaje Edina, mtoto wao, maana mambo haya yote yana yeye ndani. Edina alizaliwa mashoto kama baba yake. Blasius alipokuwa hai, wakubwa wakisema alijibu, "Mwacheni, huo ndio wake." Alipokufa, wakubwa walisema bila wa kuwazuia. Mtoto anamsalimu shangazi yake "Shikamoo" huku ametoa mkono wa kushoto! Mtoto anakula ugali kwenye sahani ya wenzake kwa mkono wa kushoto! Gaudiosa aliona aibu ya mjane, ambayo ni kali kuliko aibu nyingine, kwa sababu kila kosa la mtoto linaandikwa kwamba hana baba. Akafuma mkanda mwekundu wa nyuzi za sweta, laini, mzuri kusema kweli, na wakati wa kula na wa kuandika akawa anaufunga mkono wa kushoto wa mtoto kiunoni.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema, na kila mtu katika jumuiya alitikisa kichwa kukubali. Haukuwa ukatili. Alifunga taratibu, akambusu mtoto kichwani, akampa kijiko. Mwanzoni Edina alilia na kumwaga uji. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akila, akiandika na kusalimu kwa mkono wa kulia kama sisi wote, na mkanda ukatundikwa msumarini. Tulimsifu Gaudiosa sana.

Mwaka huo huo ndio aliofuma kitambaa cha kiti. Alinieleza akiwa ameukumbatia ule wavu: misa ya mwaka ya Blasius itasomwa Chiwanda, naye atashuka na kitambaa kipya cha kiti cha mzee, kilichotokana na wavu wa mwanawe mwenyewe. Kamba ya nailoni haiozi. Mzee atakikalia hadi Mungu amwite. "Atakuwa amekaa kwa Blasius, na atakuwa amekaa kwangu. Hapo ataniitaje?"

Lile wazo, mimi ninayebisha kila kitu, sikulibishia. Lilikuwa zuri.

Akaanza. Alitandaza wavu uani, na kwa mchana ukauona ulivyo: sehemu kubwa ni nyuzi za kiwandani zilizopauka, za mstari, lakini hapa na pale pana viraka. Viraka vya kila rangi. Kimoja cha kamba ya buluu, kingine cha kijani, kingine cha uzi uliochomolewa kwenye kiroba. Mafundo yamesongamana humo, magumu kama punje za mahindi. Gaudiosa alijaribu kuvifuma pamoja na vingine, vikakataa. Alikata wavu vipande virefu vyembamba, akavisokota, akavipitisha kwenye nyuzi za kitanda, na kila alipofika kwenye kiraka kitambaa kiliinuka, kikafanya nundu. Alifumua, akarudia, akalowesha, akapondaponda kwa mchi. Nundu haikulala. "Mgongo wa mzee utalala juu ya hiki," alisema, "siwezi kumpa mawe." Akachukua mkasi, akaviondoa viraka vyote, akavirundika jikoni kando ya mafiga.

Masika yalikuwa yameanza na kuni zilikuwa mbichi. Nailoni inawasha moto upesi.

Kilichobaki alikichemsha kwenye maganda ya kahawa hadi kikawa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, akakifuma wiki nyingi, safu kwa safu, na pembeni akapitisha nyuzi nyekundu. Nasema mimi niliyeshona sare za wanawake wa parokia nzima: sijapata kuona kitambaa kama kile. Kilikuwa laini mbele na nyuma, huwezi kujua kilianzia wapi. Nilikishonea pindo mwenyewe, sindano mbili zikavunjika, na sikumdai kitu.

Siku hizi lami inafika hadi Mbamba Bay, lakini kona ni zile zile. Edina alitapika mara mbili, akalala mapajani mwangu, na mama yake alikuwa amekishika kitambaa kifuani njia nzima kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Kutoka Mbamba Bay tulipanda bodaboda hadi Chiwanda. Misa ilisomwa, tukaenda kaburini, tukala ugali wa muhogo na samaki wa mbasa. Kisha Gaudiosa akamwomba Lidia kiti cha mzee.

Alikivalisha mwenyewe, mbele ya watu wote, akakaza vijiti, akapitisha kiganja juu yake. Lidia akamshika baba yake mkono, akamkalisha. Mzee alijiegemeza nyuma polepole, kama mtu asiyeamini. Kitambaa kilimpokea. Kisha akasema, "Lidia, mwambie ni imara. Mwambie mgongo wangu umepumzika."

Vigelegele vikapigwa. Gaudiosa alikuwa amepiga magoti pembeni, uso kwenye khanga, akilia na kucheka.

"Kimefumwa kwa kitu gani?" mzee aliuliza.

Edina alikuwa karibu, na mtoto hana siri. "Ni wavu wa baba, babu! Mama ameufuma!"

Nilimwona Lidia akigeuka. Mikono ya mzee ilishuka pande zote mbili za kiti, na vidole vikaanza kutembea. Vilianzia ukingoni, vikapita katikati, vikarudi, vikaenda chini ya mapaja, vikapapasa mahali pale pale mara ya pili na ya tatu. Mwanzoni nilidhani anasifia kazi. Lakini vilikuwa vinatafuta, na havikupata, na uso wa mzee ulikuwa unazidi kunyauka.

"Lidia," alisema, "mwulize viraka ameviweka wapi."

Lidia hakuwa na haja ya kurudia, sote tulisikia. Gaudiosa akamjibu Lidia, kama ilivyo heshima: "Mwambie baba niliviondoa. Vilikuwa na mafundo mengi, kitambaa kilikuwa hakilali."

"Mwulize aliviweka wapi."

Hapo Gaudiosa alisahau heshima, akamjibu mzee mwenyewe. "Niliwashia moto, baba."

Mzee alishusha pumzi. Alirudisha mikono mapajani, ikaanza tena kufunguka na kufumba.

Lidia alituvuta hadi jikoni, Gaudiosa na mimi, na pale ndipo nilipojua. Wavu, alisema, unanunuliwa dukani, hata asiye mvuvi ananunua. Kilicho cha mtu ni viraka. Samaki anapasua, jiwe linapasua, na mwenye wavu anakaa ufukweni anaziba kwa mkono wake, na kila mkono una fundo lake. Fundo la Blasius hata mtoto angelijua, kwa sababu alifunga kwa kushoto, likalala upande tofauti na mafundo ya watu wote. Tangu macho ya mzee yalipokwisha, na hasa tangu mazishi hadi siku ya tanga, kila jioni alikuwa akiutungua ule wavu ukutani na kuupapasa, kiraka hata kiraka. Hiki alikiziba mwaka ule wa upepo. Hiki alikiziba alipokuja na mchumba.

"Basi mbona alinipa?" Gaudiosa aliuliza.

"Kwa sababu wewe ndiye mke. Alijinyima akakupa wewe na mtoto."

Mimi hasira zikanipanda. "Na mbona hamkusema, jamani? Neno moja tu!"

Lidia alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Tuseme nini, dada? Nani asiyejua kwamba wavu ni viraka?"

Sisi! Nilitaka kupiga kelele: sisi hatujui! Sisi watu wa kahawa, kwetu kiraka ni aibu, unakikata, unakigeuzia ndani, unakificha chini ya pindo. Na kama baba mkwe angeruhusiwa kumsemesha mkamwana wake hata siku moja, mafundo yale yangekuwepo. Lakini nilikuwa nagombana na nani? Kila mtu pale alikuwa amefanya lililo jema. Mzee alitoa kitu chake cha mwisho. Gaudiosa alitoa alichokuwa nacho, kazi ya mikono yake. Nilikaa kwenye gunia la muhogo nikanyamaza, mara ya pili katika habari hii.

Tuliporudi uani, mzee alikuwa amemwita Edina. Alikuwa ametoa mfukoni kipande cha uzi wa nyavu, na kwa vidole vyake alikuwa akimwonyesha mtoto fundo: pitisha hapa, zungusha, bana kwa kidole gumba, vuta. Alikuwa akiongea kwa furaha, harakaharaka. Nikakumbuka kwamba mara ya mwisho alipokuwa na mjukuu wake, mjukuu alikuwa mashoto.

"Sasa funga wewe, mama. Funga mengi, usiogope."

Edina alifunga. Alitoa ulimi nje, akafunga moja, la pili, la tatu, mtoto mwerevu, akampa babu uzi wake. Mzee aliupitisha vidoleni. Aliupitisha tena.

"Umefunga kwa mkono gani?"

"Wa kulia, babu!" Edina alisema kwa fahari. "Mama amenifundisha. Sasa situmii ule mwingine hata kidogo."

Sikuweza kumtazama Gaudiosa. Watu husema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Siku ile mjukuu alikuwa amesimama mbele yetu na gauni lake la kanisani, akingoja kusifiwa.

"Vizuri," mzee alisema. "Vizuri sana." Aliukunja ule uzi, akautia mfukoni. Kisha akageuza uso upande alikosikia kilio cha Gaudiosa, na kwa mara ya kwanza tangu arusi hakumtuma Lidia. "Mwanangu," alisema, "kiti ni kizuri. Usilie."

Ndilo neno alilolitaka Gaudiosa miaka yote. Alilia hata tukamshika.

Hatujashuka tena Chiwanda tangu hapo. Lidia husema kwa simu kwamba mzee hukaa kwenye kile kiti kila siku na hataki kingine, na kwamba vidole vyake bado vinapita ukingoni, kwa mazoea tu. Gaudiosa ameacha kufuma. Kitanda bado kimesimama, nyuzi zake zimelegea, buibui amefuma zaidi yake. Nimemwambia akilaze chini, amesema atakilaza.

Juma lililopita nilipitia kwake kuazima pasi. Nilimkuta ameketi mkekani na Edina, mpira wa uzi katikati yao. Ule mkanda mwekundu alikuwa ameukatakata vipande, vimetapakaa sakafuni.

"Haya, mwanangu," alikuwa akisema, kwa sauti ya kubembeleza. "Funga kama babu alivyokuonyesha. Lakini tumia huu. Huu wa baba."

Edina alimtazama mama yake, akanitazama mimi mlangoni, kama mtu anayepima kama anategwa. Kisha akauficha mkono wa kushoto mgongoni.